Toleo Jipya la Maziko Yangu

Niliikuta maiti yangu imebandikwa kwenye mlango wa duka la filamu, hapa Sumbawanga mjini, asubuhi nilipotoka kununua betri za redio. Macho yamefumbwa, pamba puani, shuka jeupe hadi kifuani. Juu ya paji la uso wameandika kwa herufi za njano: TOLEO JIPYA. Chini ya kidevu: PICHA IMESAFISHWA, PAMOJA NA VIPANDE AMBAVYO HUJAWAHI KUVIONA.

Nilisimama pale nikashika shingo. Siku hizo mkono wangu ulikuwa umejizoesha kwenda wenyewe upande wa kushoto, chini ya sikio, ambako kulikuwa kumeota uvimbe mdogo, mgumu kama punje ya njugumawe. Daktari alikuwa ameshachukua kipande chake, na kipande hicho kilikuwa Mbeya, kwa watu wenye hadubini. Mimi nilikuwa huku nikisubiri kusikia walichokiona. Shingo ya yule marehemu wa mlangoni ilikuwa ya kijana, laini, haina kitu. Nilimwonea wivu.

"Karibu, marehemu!" aliniita mwenye duka kutoka ndani. Ni mama wa makamo kama mimi, mzaliwa wa Tabora, na anashikilia kwamba watu wa kwao na sisi Wafipa ni watani, kwa hiyo ana haki ya kunizika wakati wowote anaotaka.

"Mtani, bandua hiyo picha."

"Niibandue? Tangu nimeibandika duka halina pa kukanyaga. Ulipokuwa hai hujawahi kuniletea mteja hata mmoja."

Vijana wawili waliokuwa wakichagua filamu za kupakia kwenye flashi waligeuka. Wakaniangalia, wakaangalia mlango, wakaniangalia tena.

"Mzee, mambo vipi huko?" mmoja aliuliza.

"Huko wapi?"

"Huko ulikotoka."

"Poa," nilijibu. Miaka yangu yote ya chuo kikuu haikunipa jibu jingine. Wakacheka hadi wakashikana mabega. Na mimi nikacheka, tena niliwatangulia, maana mwenye hofu huwa mwepesi wa kucheka. Kisha nikanunua diski moja nikaisukumiza ndani ya koti kama mtu aliyenunua kitu cha aibu.

Sikuinunua ili niitazame. Niliinunua kwa hesabu ya kijinga kwamba kila nakala iliyo mfukoni mwangu ni nakala ambayo mama yangu hataiona.

Inabidi nieleze nilivyoingia kwenye jeneza.

Zamani, nikiwa mwanafunzi niliyerudi nyumbani likizo, lilikuja kundi la watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Watu wa Dar wakitaka mchawi wa kuaminika huja kumtafuta kwetu, kama wanavyokuja kutafuta mahindi. Chuoni nilikuwa nimeshazoea: nikisema natoka Sumbawanga, wenzangu walioazima kalamu zangu walizirudisha siku hiyo hiyo. Filamu yao ilihusu kijana msomi anayelogwa na baba yake mdogo, anakufa, anafufuka na kudai chake. Walipiga kambi karibu na kijiji chetu, kwenye barabara ya kwenda Matai, pale ambapo nyasi zote zimelala upande mmoja kwa sababu ya upepo. Yule aliyepangwa kuwa maiti akaugua tumbo. Mwongozaji akauliza kama hakuna kijana mwembamba anayeweza kulala bila kutikisika. Kijiji kizima kilininyooshea kidole. Nilikuwa nasoma falsafa, na kulala bila kutikisika ndiyo kazi waliyoniona nikiifanya tangu nifike.

Mama alikataa. "Mtu haliliwi akiwa hai," alisema.

Baba yangu alikuwa katekista, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. "Jeneza ni mbao," alisema. "Akitoka humo tutazifanya rafu ya vitabu vyake." Wageni wakacheka, mama akarudi jikoni, na mimi nikalala.

Kosa lilikuwa kwenye kilio. Waigizaji wa kike kutoka Dar walijua kulia, na walilia vizuri mno. Upepo ukakichukua kilio chao ukakipeleka ng'ambo ya kilima, ambako watu walikuwa wakipalilia. Kwetu kilio kikisikika mtu hakai akauliza ni cha nani. Hutoka shambani, huchukua alicho nacho, huenda. Hakuna aliyekuwa amewaambia watu wa ng'ambo kwamba kuna filamu. Wakaanza kuteremka kwenye vijia kwa mistari: wanawake na nyungo za unga wa ulezi, wasichana na mizigo ya kuni, wanaume na majembe. Walipomwona mtoto wa katekista kwenye jeneza, wakaangua kilio chao wenyewe, cha kweli, na kile cha Dar kikafunikwa kabisa. Mwongozaji alifurahi hadi akavua kofia. Alidhani kijiji kimempa zawadi. Yeye akihangaika na kamera, wanaume wakaenda upande wa pili wa mikaratusi, makaburini, wakaanza kuchimba.

Nilisikia yote. Nililala nimefumba macho huku bibi mmoja wa huko ng'ambo akieleza mema yangu, mengine ya uongo mtupu, na kukilaani chuo kikuu kwa kuninyonya damu. Hadi leo sijasikia watu wakinisifu kiasi kile, na nadhani ndiyo maana sikuinuka. Kilichoniinua ni pamba. Ilinitekenya, nikapiga chafya.

Watu walikimbia. Unga wa ulezi ulimwagika nyasini, na mwigizaji mmoja wa Dar alikimbia nao ingawa yeye alijua. Bibi yule peke yake hakukimbia. Alikuja hadi kwenye jeneza, akanitazama vizuri, akanizaba kofi.

"Nimekulilia machozi yangu yote," alisema. "Ya mume wangu nitayatoa wapi?"

Chafya haikuingia kwenye filamu, lakini kile kilio kiliingia chote, na ndicho kilichoifanya ipendwe. Watu wa miji ya mbali wameniambia kwamba hawajawahi kuona watu wakiigiza msiba kama wale. Siwalaumu. Hata mimi niliyekuwa ndani yake nusura nilie.

Likabaki kaburi. Wazee walirudi taratibu, wakasimama wakilizunguka. Limechimbwa kwa ajili ya mtu, walisema, na mtu huyo ametajwa na kuliliwa. Haliachwi wazi, wala halijazwi udongo mtupu. Huzikwa mgomba badala yake, uvishwe nguo ya mwenyewe, ili ardhi isiendelee kumsubiri. Wote wakamgeukia baba, aliyekuwa ameitwa mbio kutoka kanisani.

"Mimi nawafundisha watoto wenu kila Jumapili," baba alisema, kwa sauti ambayo ilifika hadi kwenye gari nilikokuwa nimeshapandishwa, nikiwa bado na shuka langu. "Shimo ni shimo. Jazeni udongo mwende nyumbani."

Mvua ikaanza. Gari likanipeleka mjini kupigwa picha za kufufuka, nguo zangu za kawaida zikiwa kwenye mfuko miguuni mwangu. Sikuona kilichofuata.

Baba alirudi nyumbani jioni ile amelowa chepechepe, bila koti lake. Lilikuwa koti zito la kijivu, la mtumba, lenye vifungo vikubwa vyeusi, na alikuwa halivui tangu misa ya asubuhi hadi kulala. Alimwambia mama kwamba kaburi limejazwa udongo, basi. Koti, alisema, wamelichukua watu wa filamu kumvalisha mwigizaji wao, na watalirudisha. Hawakulirudisha. Kipupwe kilipokuja, wakati ule upepo wa Ufipa unapoingia ndani kana kwamba matofali hayapo, baba aliugua kifua, akafa. Mama aliwalaani watu wa filamu kwa ajili ya koti lile. Na ile habari ya udongo mtupu hakuisahau.

"Walizika hewa," alikuwa akisema. "Shimo lako bado linakusubiri."

Mimi nilikuwa na majibu. Nimewahi hata kuandika makala juu ya hofu ya kifo kwa jamii za wakulima, makala nzuri, yenye tanbihi nyingi. Lakini kila nilipokwenda kuzuru kaburi la baba nilipita njia ya juu, ndefu, yenye miiba, ili nisikipite kile kituta kilicho karibu na mikaratusi. Nikiulizwa, nilisema napenda mandhari.

Sasa turudi kwenye toleo jipya. Haukupita muda mrefu tangu nijione mlangoni, simu ikalia nikiwa nyumbani kwangu, mtaa wa Malangali. Ilikuwa sauti ya upole, ya dada wa hospitali ya Mbeya.

"Baba, majibu yako yametoka. Unaweza kufika wiki hii?"

"Huwezi kuniambia hapa hapa kwenye simu?"

"Hapana, baba. Daktari atakueleza mwenyewe. Halafu, baba... uje na ndugu."

Upole ule ndio ulionitisha. Mgonjwa wa kawaida huambiwa tu aje. Anayeambiwa aje na ndugu ni yule ambaye hawana hakika kama ataweza kurudi mwenyewe. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nje jirani alikuwa anapukuchua mahindi, na nikajikuta nasikiliza kila punje inayodondoka kwenye beseni, kana kwamba zikiisha na mimi nimeisha. Sikuoa, sikuzaa, ndugu niliyebakiwa naye ni mama. Nikaenda kijijini kumchukua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Mbeya wamesemaje?"

Nikamwambia. Aliendelea kupepeta ulezi wake kwa muda, makapi yakiruka, halafu akaweka ungo chini.

"Huendi."

"Mama, wanaita kwa ajili ya..."

"Nimesikia. Wanataka kukukata. Wakikukata na lile shimo liko vile, watakurudisha hapa kwenye sanduku. Na safari hii hutapiga chafya."

Ningepaswa kubishana. Msomi angebishana. Kilichonijia badala yake ni nafuu, nafuu tamu kabisa, ya mtoto aliyekatazwa kwenda shule siku ya mtihani. Ningebaki. Ningewaambia Mbeya kwamba mama mzee amekataa, mila, mnajua mambo ya vijijini. Hofu yangu ingevaa kanga ya mama na kujificha humo, na hakuna ambaye angeitambua.

Kisha akaingia ndani, akatoka na diski ile ile, maiti yangu juu ya kasha.

"Wameniletea majirani," alisema. "Sijaiweka. Sikutaka nikuone humo nikiwa peke yangu."

Nakala iliyokuwa mfukoni mwangu ilinichoma ubavuni. Nilimwambia hakuna haja, filamu ya zamani, tunaijua. Alikuwa ameshawasha deki. Umeme wa sola ulikuwa mwingi mchana ule, hata hilo halikunisaidia.

Ile nakala ya zamani ilikuwa na ukungu. Maiti ilikuwa doa jeupe, na waombolezaji walikuwa vivuli. Ungeweza kusema ni watu wa popote. Hii walikuwa wameisafisha kikatili. Niliona siafu mmoja akitembea kwenye ukingo wa jeneza. Niliona kope zangu zikitetemeka. Na niliona nyuso zao, moja moja, zikiwa na machozi yanayong'aa, watu wa kwetu wakiwa na nguvu zao na meno yao. Mama alikuwa akinyoosha kidole.

"Huyu amekufa. Huyu naye, yule wa kinu, amekufa. Huyu amekufa. Hawa wote wawili."

Kila aliyekuwa akinililia pale alikuwa ameshaliliwa, na aliyekuwa maiti ndiye alikuwa ameketi kwenye kigoda akiwatazama, mkono shingoni. Nilitaka kuzima. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

"Acha," mama alisema. "Kuna vile vipande."

Cha kwanza kilikuwa chafya. Mama alicheka hadi akajifuta macho, na kwa dakika moja tukawa watu wawili wanaotazama kichekesho. Kipande cha pili hakikuwa na sauti ya mtu, ilikuwa mvua tu ikipiga turubai. Nadhani mpiga picha alibaki nyuma na vyombo vyake akisubiri gari lirudi, na kwa kukosa kazi akaiacha kamera ikitazama mikaratusi. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ila maji. Halafu, katikati ya miti, akatokea mtu mrefu amebeba mgomba begani.

Mama akaacha kupumua. Nilimsikia akiacha.

Nyuma ya baba alikuwa yule bibi aliyenizaba kofi. Hakuna mwingine. Baba aliushusha mgomba kando ya shimo, ambalo watu walikimbia mvua kabla hawajalijaza, akasimama akitazama huku na huku, kama mtu anayehakikisha kwamba watoto anaowafundisha Jumapili hawamwoni. Kisha akavua koti. Bibi akashika mkono wake, akatikisa kichwa kwa nguvu. Baba akautoa ule mkono polepole. Akauvisha mgomba koti la kijivu, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kulifunga vifungo, kimoja baada ya kingine, hadi cha shingoni, jinsi unavyomfungia mtoto anayetoka kwenye baridi. Wakauteremsha. Baba akafanya ishara ya msalaba, akachukua jembe.

"Rudisha," mama alisema.

Nikarudisha nyuma.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha pale kwenye vifungo.

"Lile ni koti lake," alisema. "Lake yeye. Nguo inatakiwa iwe yako, ndicho anachokatazwa na yule bibi. Anamwambia asizike ya kwake."

"Nguo zangu zilikuwa kwenye gari, mama. Hakuwa na yangu hata moja."

"Angesubiri kesho."

"Labda aliogopa kesho angeonekana."

"Labda aliogopa kukuacha wazi usiku mmoja." Kisha akasema kwa Kifipa, taratibu, jambo ambalo kwa Kiswahili ni hili: alijiweka yeye.

Nilifungua kinywa kumweleza. Nilitaka kusema kwamba kifua ni ugonjwa, kwamba mtu aliyeloweshwa na mvua, akaingia kwenye kipupwe bila koti, huugua bila msaada wa kaburi lolote. Maelezo yalikuwa kamili, lakini niliyaacha, kwa sababu nilipoyapanga niliona kwamba hayanifikishi popote. Kwa ardhi au kwa baridi, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, baba alikufa kwa lile koti, na lile koti alilivua kwa ajili yangu. Mtu aliyesimama mbele ya kijiji akasema shimo ni shimo alikuwa ameniogopea kiasi kile. Sikuwahi kujua kwamba baba yangu anaogopa kitu.

Mama aliinuka akaenda hadi kwenye televisheni. Akaweka kiganja kwenye kioo, juu ya mgongo wa baba uliolowa.

"Na mimi nimewalaani wale watu bure miaka yote hii," alisema. "Mwongo wewe." Hakuwa akisema na mimi.

Kisha akaichukua kanga yake ya kutokea, ikiwa imekunjwa kwenye kiti, akaanza kuikunjua.

"Shimo lako limeshapata mtu," aliniambia. "Halikusubiri wewe tena. Twende Mbeya."

"Twende?"

"Si wamesema uje na ndugu? Mimi ni nani, jirani? Na ufunge koti hilo."

Nilifunga vifungo. Ile diski niliyoificha ilianguka kutoka mfukoni, mama akaiokota, akaangalia kasha, akaangalia la kwake, akanirudishia. Hofu haikuondoka hata chembe. Kilichoondoka ni kisingizio, na bila kisingizio hofu ilikuwa kubwa kuliko mwanzo, maana sasa nilikuwa naibeba mwenyewe. Tulipokwenda barabarani kusubiri gari, kwa mara ya kwanza nilipita njia ya chini, ya mikaratusi. Kituta kilikuwa kimeota nyasi kama vingine. Mama alipunguza mwendo, akapiga goti kidogo kama mtu anayepita mbele ya tabernakulo kanisani. Mimi nilisimama nyuma yake sijui mikono niiweke wapi.

Sitamzungusha msomaji: uvimbe ulikuwa wa kukatwa, ukakatwa, na bado narudi Mbeya kila wanaponiita. Mwenye duka wangu wa Tabora ameniahidi kwamba siku nikifa kweli hatabandika picha nyingine, ile ile inatosha. Lakini ninachokikumbuka zaidi ya kisu ni lile benchi kwenye korido, siku ile ya kwanza, mimi na mama tumekaa tukitazama mlango. Mwanamume mmoja mkabala nasi alikuwa ananikodolea macho kwa muda mrefu, na mwisho hakuweza kujizuia.

"Samahani, kaka. Wewe si yule wa kwenye filamu? Yule aliyezikwa?"

"Ndiye," mama alijibu kabla yangu. "Ila aliyezikwa ni baba yake."

Yule bwana hakuelewa, akatabasamu kwa adabu. Mlango ukafunguka, muuguzi akaliita jina langu. Akaita tena, akitazama huku na huku kwenye korido, na mimi nimekaa palepale, sitikisiki, kama nilivyokuwa hodari tangu ujana. Mama akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi darasani.

"Yupo," alisema, akanishika kola, akaniinua.